Umeme wa ndege ya kujiundia: fyuzi au breka, Tefzel au waya wa gari, AGM au lithiamu?

Mtu anayeunda ndege yake ndogo Arusha au Moshi hukutana na maswali yale yale ya umeme anayokutana nayo mwenzake wa Marekani, ila majibu hayafanani. Kule kifaa kikifa, kingine kinaletwa mlangoni baada ya siku mbili tatu. Hapa kinaagizwa, kinasubiriwa, kinalipiwa forodha, na ndege imekaa. Kwa hiyo ulinganisho huu haupimi bei na uzito peke yake. Kwa kila jozi tunauliza kwanza: kitu hiki kikiharibika, kinaharibikaje, na je, utauona ubovu wake ukiwa umesimama Kisongo, uwanja wa ndege wa Arusha, na multimita ya kawaida mkononi?

Tunazungumzia mfumo wa volti 12, ambao injini ikiwaka huchajiwa kwa karibu volti 14, kwenye ndege ya viti viwili yenye injini ya Rotax 912 au Lycoming ndogo. Mchoro wa mtengenezaji wa injini unatangulia lolote lililoandikwa hapa. Na ndege yenye usajili wa Tanzania (5H) hupata kibali cha kuruka kwa TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, haipati kwa fundi wala kwa rafiki mwenye leseni, hivyo wahusishe kabla hujafunga paneli.

Fyuzi, breka au sanduku la elektroniki

Vyote vitatu vina kazi moja: kukata umeme kabla waya haujapata moto nyuma ya paneli. Fyuzi huungua na kubadilishwa, breka ni swichi inayoruka yenyewe na kurudishwa, sanduku la elektroniki hukata saketi kwa kompyuta. Ukubwa wake unafuata waya. Waya namba 22 hupewa ampea 5, namba 20 ampea 7.5, namba 18 ampea 10, namba 14 ampea 15, hata kama kifaa kilichoko mwisho wake kinakula ampea moja tu. Namba hizi ni za AWG, kipimo cha Marekani. Namba ikipanda, waya unakuwa mwembamba.

| | Fyuzi za bapa | Breka | Sanduku la elektroniki |
|---|---|---|---|
| Mkondo ukiwa mara mbili ya kiwango | Hukata ndani ya sekunde 5 | Huweza kuchukua sekunde 10 na zaidi | Hukata haraka, kwa kiwango ulichopanga |
| Kurudisha ukiwa angani | Usipange kufanya hivyo | Mara moja tu | Kwa skrini |
| Nafasi | Kisanduku kimoja kwa saketi zote | Tundu moja la paneli kwa kila saketi | Sanduku moja na nyaya zake |
| Spea | Duka lolote la spea za magari | Kuagiza | Kuagiza. Likifa hurudi kiwandani |
| Huharibikaje | Miguu kulegea, kutu, joto | Kuchoka ndani, kuruka bila sababu | Saketi nyingi kwa mpigo |

Hoja kubwa ya wapenda breka ni kwamba unaweza kuirudisha ukiwa hewani. Hoja hiyo ina uzito mdogo kuliko inavyosikika. Breka ikiruka, mara nyingi kuna ganda la waya lililochubuka au kifaa kilichoungua ndani, na ukiirudisha unaupeleka umeme palepale palipoharibika. Ndiyo maana kawaida ya marubani ni kurudisha mara moja tu, tena kwa kifaa ambacho huwezi kutua salama bila ya hicho. Kwenye ndege ya kuruka mchana kwa kuona nje, vifaa vya namna hiyo ni vichache mno: magneto za Lycoming na uwashaji wa Rotax 912 ya kabureta havitegemei betri kabisa. Mwenye 912iS asome sentensi hiyo kwa makini. Injini yake inapuliza mafuta kwa umeme na umeme ukikatika inazimika, kwa hiyo afuate mchoro wa Rotax neno kwa neno na kuuacha ulinganisho huu upande wa injini.

Ushauri wetu kwa wengi wa hapa ni fyuzi za bapa kwa saketi nyingi, na breka tatu au nne pale ambapo breka inafanya kazi ambayo fyuzi haiwezi. Ya kwanza ni waya wa fildi wa alteneta ya nje, yaani unaoipa sumaku yake umeme, ampea 5. Kinga ya volti kuzidi ya aina inayopiga shoti makusudi huusubiri umeme ufike kama volti 16, kisha inaupeleka ardhini ili breka iruke na alteneta ife. Ukiweka fyuzi hapo, mruko mmoja wa volti wa bahati mbaya unakupokonya alteneta safari nzima. Nyingine ni za mota ya trimu (inayosawazisha usukani), flapu na rubani wa kiotomatiki, kwa sababu trimu ikishikana na kuendelea kuzunguka unataka kitu cha kuvuta kwa vidole. Angalia unaponunua: kuna breka zinazoruka na kubonyezwa tu, na kuna zinazovutika kwa mkono. Za kubonyezwa tu hazikusaidii kwenye trimu.

Sanduku la elektroniki si kitu kibaya. Linakuonyesha kila saketi inakula ampea ngapi, linakuambia taa ya bawa imeungua kabla hujaiona, na linapunguza nyaya. Kwa paneli yenye skrini mbili na rubani wa kiotomatiki lina maana. Kwa ndege yenye redio moja, transponda moja na taa, unanunua njia moja ambayo ikifa inaondoka na vitu vingi, na hakuna mtu kati ya Kisongo na Moshi atakayeifungua.

Fyuzi nazo zina ugonjwa wake: bandia. Zipo fyuzi zilizoandikwa 5 zinazobeba 15 bila kutikisika. Kutoka kila pakiti toa moja uijaribu: betri ya gari, fyuzi ya ampea 5, na taa tatu za gari za wati 55 zilizofungwa sambamba. Hapo unavuta karibu ampea 13. Fyuzi ya kweli inakata kabla ya sekunde 5. Isipokata, tupa pakiti yote, usiigawie hata bodaboda. Jambo dogo lakini linakera: ya 5 ni kahawia iliyofifia na ya 7.5 ni kahawia iliyokolea, na ndani ya hanga lenye giza zinafanana. Soma namba.

Kisanduku cha fyuzi kiwekwe unapoweza kukifikia ukiwa chini bila kufungua nusu ya paneli, na kiachiwe nafasi mbili wazi. Waya mnene unaokilisha kutoka kontakta ya mastaswichi (swichi kubwa ya sumaku inayounganisha betri) hauna kinga yoyote. Ufanye mfupi, sentimita 15 au chini, na usiupitishe juu ya ukingo mkali wa bati.

Waya: Tefzel au wa gari

Huu ndio uchaguzi unaotakiwa kufanywa mara moja na usirudiwe, maana kubadili waya kwenye ndege iliyokamilika ni kuibomoa.

Waya wa ndege unaotumiwa na wengi ni ule wa kiwango MIL-W-22759/16, unaojulikana kama Tefzel: nyuzi 19 za shaba iliyopakwa bati kwa namba 22 hadi 14, ganda jembamba gumu, joto hadi nyuzi 150, volti 600. Waya wa gari una ganda la PVC. PVC ikiungua hutoa moshi mzito wenye gesi ya haidrojeni kloridi, na chumba cha ndege ya viti viwili ni kidogo kuliko choo cha nyumba nyingi. Huna pa kukimbilia. Kwa sababu hiyo peke yake, ndani ya chumba cha rubani jibu ni Tefzel, na hakuna haja ya mjadala mrefu.

Ila Tefzel haiuzwi dukani Arusha. Inaagizwa kwa mita, kwa hiyo hesabu kabla: pitisha kamba ya katani kwenye njia halisi ya kila waya, pima kamba, ongeza robo. Waya ukipungua mita tatu mwishoni, ndipo watu wanapokimbilia duka la spea na kuchanganya.

Na dukani mitego ni mitatu. Wa kwanza ni waya wa nyumba wa milimita za mraba 1.5 wenye shaba moja nzima ndani. Ni shaba safi kabisa, lakini mtikisiko wa injini unaukata kwenye mdomo wa lagi (kichwa cha chuma kinachobanwa mwisho wa waya), mara nyingi ndani ya ganda ambapo huoni. Wa pili ni waya wa alumini uliopakwa shaba, unaouzwa sana kama waya wa muziki wa magari. Ukwangue uzi mmoja kwa wembe: juu mwekundu, ndani mweupe, basi ni alumini. Usichanganye na Tefzel, yenyewe ni kinyume, nyeupe juu na nyekundu ndani. Wa tatu ni namba zenyewe. Madukani wanauza kwa milimita za mraba na mchoro wako umeandikwa kwa AWG:

| AWG | Milimita za mraba | Miliohmi kwa mita |
|---|---|---|
| 22 | 0.33 | 53 |
| 20 | 0.52 | 33 |
| 18 | 0.82 | 21 |
| 14 | 2.1 | 8.3 |
| 12 | 3.3 | 5.2 |
| 4 | 21 | 0.8 |
| 2 | 34 | 0.5 |

Safu ya mwisho ndiyo inayoamua. Mwongozo wa FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, wa AC 43.13-1B unaruhusu kupoteza nusu volti kwa mzigo wa kudumu kwenye mfumo wa volti 14, na volti moja kwa mzigo wa muda mfupi. Chukua kipasha joto cha pito (bomba la kupimia kasi ya hewa) kinachokula ampea 10, kiko mita 4 kutoka kwenye fyuzi. Kwa waya namba 18: 21 × 4 = miliohmi 84, mara ampea 10 unapoteza volti 0.84. Haifai. Kwa namba 14: 8.3 × 4 = 33, unapoteza 0.33. Inafaa. Fanya hesabu hii kwa kila mzigo unaozidi ampea 3. Iliyo chini ya hapo, namba 20 au 22 inatosha karibu kila mara.

Faida moja ya waya wa gari ni rangi. Tefzel huja nyeupe, na rundo la nyaya nyeupe arobaini nyuma ya paneli linachosha akili. Dawa yake ni kuandika namba ya saketi kwenye ncha zote mbili na kufunika kwa mpira mwangavu unaosinyaa kwa moto, kabla ya kubana lagi. Ukisema utaandika baadaye, hutaandika.

Kubana lagi au kulehemu kwa risasi

Fundi umeme wa magari wa Unga Limited, Arusha, atakuambia risasi ndiyo kiunganisho cha uhakika. Kwenye gari anaweza kuwa sahihi. Kwenye ndege, risasi hupanda ndani ya nyuzi kama sentimita moja kupita kiunganisho, na pale inapoishia waya mgumu unakutana na waya laini. Injini ikitikisika, unakatika hapo hapo. Ukilehemu, waya ushikiliwe na mpira pamoja na tai ya plastiki hadi kupita sehemu iliyokakamaa. Bila hivyo umeutengeneza ubovu wa miezi sita ijayo.

Kubana kunashinda, kwa sharti la koleo sahihi. Lagi za ndege zenye ganda zina mikono miwili ndani: mmoja unabana shaba, wa pili unabana ganda la waya na kuupokea mtikisiko. Nyekundu ni kwa namba 22 hadi 18, bluu 16 na 14, njano 12 na 10. Zile za bei rahisi za madukani huwa na mkono mmoja tu, hazishiki ganda. Koleo liwe la meno yasiyoachia mpaka yamebana hadi mwisho. Playa ya kawaida inalaza lagi tu, haiibani.

Kipimo cha ubora hakihitaji mashine. Kiwango cha zamani cha jeshi la Marekani kinataka lagi kwenye waya namba 22 ihimili ratili 15, yaani kama kilo 7, na kwenye namba 18 ratili 38, kama kilo 17. Bana lagi mbili za majaribio, funga waya kwenye boriti, ning'iniza dumu lenye lita 7 za maji kwa namba 22, au dumu la lita 20 lililojazwa lita 17 kwa namba 18. Waya ukichomoka, koleo au lagi haifai. Ukikatika penyewe katikati, umebana vizuri. Rudia jaribio kila unapofungua pakiti mpya ya lagi.

Risasi ina mahali pake: pini ndogo za plagi za redio ambazo hazina aina ya kubana, na kufunga ngao ya waya wa maikrofoni. Pengine pote, bana.

Njia ya kurudi: bati la ndege au waya wake

Hapa uamuzi unafanywa na ulichojengea. Ndege ya alumini ina bati linaloweza kurudisha umeme wa taa za mabawa na kipasha cha pito, na unaokoa nusu ya waya. Ndege ya fiba au ya mbao na kitambaa haina njia hiyo. Kila saketi inahitaji waya wa kurudi, na hapa ndipo watu hujikwaa: urefu unazidishwa mara mbili na hesabu inabadilika. Kile kipasha cha pito cha mita 4 sasa kina mita 8 za waya. Namba 14 inapoteza volti 0.66, imevuka. Inabidi namba 12, inayopoteza 0.42.

Stata ndiyo inayoumia zaidi. Tuseme inavuta ampea 200 na betri iko nyuma ya viti, mita 3 kwenda na mita 3 kurudi. Kwa waya namba 4 volti moja kamili inapotelea njiani. Kwa namba 2 ni 0.6. Asubuhi ya Julai pale Kisongo mafuta ya injini yakiwa mazito, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama Rotax itafikisha mizunguko 220 kwa dakika inayohitaji ili uwashaji wake uanze kutoa cheche. Wengi hubadili betri kumbe tatizo ni waya.

Hata kwenye ndege ya alumini kuna vitu ambavyo havitakiwi kurudi kwenye bati: redio, intakomu, hedifoni na vihisi vya injini. Vyote virudi sehemu moja, bamba la shaba nyeupe lenye vichomeo vingi lililofungwa kwa bolti moja inayopenya ukuta wa moto (kati ya injini na chumba), na upande wa injini mkanda wa shaba iliyosukwa kutoka bolti hiyo hadi kwenye bloku. Mlio mwembamba kwenye hedifoni unaopanda na mizunguko ya injini karibu kila mara unatokana na matundu ya hedifoni kugusa bati. Pete bapa (washa) mbili za plastiki kwa kila tundu zinamaliza kesi.

Ukichagua bati, kwangua rangi na praima mpaka alumini ing'ae, tumia lagi iliyopakwa bati, kaza, kisha paka grisi juu yake. Masika moja ya mvua inatosha kuotesha unga mweupe chini ya lagi ya shaba tupu.

Betri: AGM au lithiamu

Kwa uzito lithiamu inashinda bila ubishi. AGM, yaani betri ya risasi iliyofungwa isiyomwagika, ya kuwashia injini, ya saa-ampea 17, ina uzito wa karibu kilo 7. LiFePO4, aina ya lithiamu, inayowasha injini hiyo hiyo huwa kati ya kilo 2 na 2.5. Kilo 5 kwenye ndege ndogo si mchezo, ingawa kama betri iko mkiani hesabu kwanza kitovu cha uzito kabla hujafurahi.

Sasa upande wa pili. Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu-ayoni zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kwenye ndege za abiria kama mizigo, na kwenye ndege za mizigo huruhusiwa zikiwa na chaji isiyozidi asilimia 30. Maana yake kuipata Arusha ni kwa njia ndefu au ya bei kubwa, na inafika ikiwa karibu tupu. Ichaji kwa chaja yake kabla ya kuifunga, kwa sababu lithiamu tupu hunywa mkondo wowote inaopewa. Jenereta ya Rotax 912 inatoa wati 250 tu kwa kasi ya juu, kama ampea 18, na regyuleta yake (kifaa kinachodhibiti volti za kuchaji) haitakiwi kuvuka nyuzi joto 80. Ukiipa kazi ya kujaza betri tupu huku hewa ya Kisongo, karibu mita 1,390 juu ya bahari, ikiwa nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi na kupoza vibaya, regyuleta inapikika. Ipelekee bomba la hewa ya kutoka mbele, betri iwe ya aina yoyote.

Jambo la pili halionekani kwenye matangazo. LiFePO4 nzuri ina ubongo ndani unaokata betri ikizidiwa au ikiishiwa. Ubongo huo ukiikata betri injini ikiwa inazunguka, regyuleta inabaki bila betri ya kuituliza na volti zinaruka juu na chini. Kapasita ya mikrofaradi 22,000, ya volti 25 au zaidi, kwenye njia ya kutoka regyuleta haikwepeki hapo, pamoja na kinga ya volti kuzidi. AGM haikukati ghafla namna hiyo. Inakufa polepole na inakupa dalili wiki kadhaa kabla: stata inazunguka kivivu, volti za asubuhi zinashuka kutoka 12.7 kuelekea 12.2. Lithiamu inaonyesha 13.2 ikiwa karibu imejaa na 13.0 ikiwa imebaki theluthi, kwa hiyo mita ya volti haikuambii kitu.

Kwa kipimo tulichoanza nacho, AGM inashinda hapa, isipokuwa kama kilo zile 5 ndizo zinazokuzuia kubeba mtu wa pili. Ila iwe AGM ya kuwashia. Maduka ya sola na UPS ya Arusha na Moshi yamejaa betri za volti 12 saa-ampea 18 zenye umbo linalokaribiana sana, zinaingia kwenye kisanduku vizuri na bei inavutia. Zimetengenezwa kutoa mkondo mdogo kwa muda mrefu. Stata itazunguka mwanzoni, halafu baada ya muda itagoma, na itagoma ukiwa mbali na nyumbani.

Kila mwaka pima ujazo. Chaji AGM mpaka ijae, ifunge taa moja ya wati 55, anza kuhesabu saa mpaka volti zifike 10.5. Betri nzuri ya 17 inakaribia saa 3. Ikishindwa kufika saa 2, ibadili hata kama inawasha injini vizuri, kwa sababu siku alteneta ikifa ni ujazo huo ndio utakaobeba redio yako. Kwa lithiamu simamisha kwenye volti 12, usiishushe zaidi.

Kutafuta hitilafu: ohmi, volti au taa

Kabla ya chochote: magneto na uwashaji wa Rotax huzimwa kwa kupelekwa ardhini. Waya wa swichi ukikatika, uwashaji unabaki hai hata funguo iko mfukoni. Ni waya pekee kwenye ndege ambao ukikatika kitu kinawaka badala ya kuzima. Chukulia propela ni hai siku zote, na unapojaribu stata ondoa nyaya za plagi, magurudumu yazuiwe, mtu awe kwenye breki.

Njia inayotumiwa zaidi ni kuzima umeme, kuweka multimita kwenye ohmi na kusikiliza mlio. Ni njia nzuri ya kujua waya umefika au haujafika. Kwa hitilafu nyingine inadanganya. Kiunganisho chenye kutu cha ohmi 0.3 kitalia vizuri, kwa kuwa nyaya za multimita zenyewe zina karibu hivyo hivyo. Washa taa ya kutua ya ampea 8 na kiunganisho hicho kinameza volti 2.4. Taa inafifia, fundi anabadili taa.

Kupima volti mzigo ukiwa umewashwa ndiyo njia ya kuzoea. Weka multimita kwenye volti, ncha moja kwenye fyuzi upande wa kutokea, nyingine kwenye mguu wa taa: unachosoma ndicho kinachopotea upande wa chanya. Kisha mguu mwingine wa taa na nguzo ya hasi ya betri: hicho kinapotea upande wa kurudi. Upande wenye namba kubwa ndio wa kufuata, kiunganisho kwa kiunganisho. Kwa stata fanya vivyo hivyo wakati inazunguka. Kati ya nguzo ya hasi na bloku ya injini, ukiona zaidi ya volti 0.3, anza na mkanda wa shaba iliyosukwa. Kati ya nguzo ya chanya na bolti ya stata, ikizidi nusu volti, pima kila kontakta peke yake. Bolti zake huungua ndani bila kuonyesha dalili nje.

Fyuzi ikikata kila unapoiweka, acha kuzimaliza fyuzi. Chomoa kifaa mwisho wa waya, kisha mahali pa fyuzi weka taa ya breki ya gari ya wati 21. Kukiwa na shoti taa inawaka kikamilifu na mkondo hauvuki ampea 2, waya hauumii. Sasa tikisa rundo la nyaya kidogo kidogo kuanzia paneli kuelekea nje. Mahali taa inapozimika ndipo ganda limechubuka, na mara nyingi ni kwenye tundu la bati lisilo na mpira, au chini ya tai ya plastiki iliyokazwa kupita kiasi. Kwenye hanga lililozungukwa na mashamba ya mahindi kagua pia alama za meno ya panya, hasa nyuma ya viti baada ya mavuno. Tefzel haiwazuii.

Taa isipowaka kabisa waya hauna shoti: kosa liko ndani ya kifaa ulichochomoa. Na kama shoti inatokea angani tu, acha taa hiyo ya breki mahali pa fyuzi, washa injini chini, ndege ikiwa imefungwa, mtu wa pili aangalie taa kutoka ndani huku ukipandisha mizunguko taratibu. Ukimaliza, zima, toa taa, rudisha fyuzi ya kiwango kile kile, na waya wa hasi wa betri uwe wa mwisho kufungwa.